Magunia Tuliyoyashusha

2 Machi

Mvua ya leo imepiga bati tangu asubuhi mpaka tukaacha kusemeshana, kila mtu anaonyesha kwa kidole. Katikati ya mvua hiyo kaka Ezra amerudi kutoka Mbeya na kontroli boksi mpya. Ile ya zamani, ndiyo ubongo wa injini ya pikapu, ililowa masika ya mwaka jana maji yalipopanda mpaka kwenye viti. Tangu hapo gari limelala chini ya mikakao na kuku wanatagia ndani.

Hii mpya haikutoka kiwanda kilichotengeneza gari. Ni ya watu wengine kabisa, inafungwa kwenye gari lolote, ila lazima uifundishe mwenyewe kwa laptop. Fundi Nelson wa Uyole kampa na laptop kuukuu, ndani yake kuna kitabu cha maelekezo, kurasa mia mbili na kitu, Kiingereza kitupu.

Ezra aliishia darasa la saba. Kaniwekea laptop mapajani kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. "Haya, Tuli. Hicho Kiingereza cha fomu three tukione leo."

Nilitaka kusema siwezi. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, sauti ndiyo haitoki, mpaka wenzangu wameacha hata kunicheka. Lakini laptop haikuangalii usoni. Nikaanza kusoma.

Naandika hapa sababu yenyewe, maana Ezra hataisema. Mama moyo wake umepanuka. Daktari wa mjini alituambia: vidonge hivi, chumvi asiguse, na siku akishindwa kupumua msingoje, mleteni hapo hapo. Kutoka hapa Makwale mpaka lami, masika, ni tope na kilima cha kanisani. Kwenye bodaboda Mama hawezi kukaa. Kwa hiyo pikapu ni ya Mama. Kubeba kakao ni maneno ya kuwaambia watu.

5 Machi

Injini imewaka. Kuku wamehama kwa hasira. Mama alipiga kigelegele, kikaishia katikati kwa kikohozi.

9 Machi

Leo nimefika sura inayohusu utelezi, nimeisoma mara tatu.

Magurudumu ya mbele ya pikapu yetu hayasukumi, yanafuata tu. Kwa hiyo ndiyo yanayosema ukweli gari linakwenda kasi gani. Ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Yakianza kuzunguka haraka kuliko ya mbele, yanateleza. Kompyuta inalinganisha mbele na nyuma, ikiona tofauti imezidi ile uliyoiruhusu, inainyima injini mafuta, silinda hii, kisha ile, kwa zamu, mpaka magurudumu yatulie na kushika ardhi tena. Nelson alikwishatupatia vihisio vya kusoma kasi ya magurudumu, alivyovitoa kwenye gari bovu. Kumbe kazi iliyobaki ni kufunga na kuingiza namba.

Kitabu kinasema unaweza pia kukata moto wa plagi badala ya mafuta. Ezra macho yakamwaka. "Hiyo ndiyo inayopiga mabomu kwenye ekzosi, kama magari ya vijana wa Mbeya. Weka hiyo."

Nikamsomea pole pole kwa Kiswahili: mafuta ambayo hayakuungua yanakwenda kuwakia kwenye ekzosi.

"Kidogo tu, Tuli. Watu wajue tumepita."

"Mama atakuwa amekaa humo," nikasema.

Akafuta mikono kwenye suruali muda mrefu kuliko uchafu wenyewe. "Kata mafuta," akasema.

10 Machi

Mvua. Wali na samaki, mbasa. Mama kapikiwa wake bila chumvi, kasema ni kama kutafuna pamba.

14 Machi

Baba amenikuta nimelala chini ya gari, miguu nje. Hakuniita jina. Alimwambia Ezra, "Mtoto wa kike chini ya gari. Utamwoza kwa fundi?" Akapita.

Baba, Mzee Andongwisye, ni mtu wa namna hiyo. Maneno anayapima kama kakao mnadani. Tena anashika mila ambazo majirani wengi wameziacha. Kwetu tangu zamani, ukiwa mwanamume, mke wa mtoto wako haonani na wewe uso kwa uso. Hamkai chumba kimoja wala hamsalimiani njiani, na chombo alichoshika yeye hakitoki mkononi mwake kuja mkononi mwako. Ndiyo maana Baba akikaribia uani anakohoa kwanza. Wifi Doreen, mke wa Ezra, akisikia kikohozi kile anaacha hata sufuria inayochemka na kupita nyuma ya nyumba. Tangu aolewe kutoka Ipyana sijawahi kuwaona wamesimama sehemu moja. Chai ya Baba anaipika yeye, naipeleka mimi.

Nilimuuliza leo kama haimchoshi.

"Nimezoea," akasema. "Baba yako namjua kwa mgongo kuliko wewe unavyomjua kwa uso."

Nilicheka, baadaye nikafikiri. Nadhani Baba hampendi mtu. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

21 Machi

Wiki nzima tunapanda na kushuka kilima cha kanisani. Ezra anaendesha, mimi laptop mapajani nasoma mistari miwili, wa mbele na wa nyuma. Inapoachana, tunateleza.

Nilianza kwa kuruhusu utelezi wa kumi kwa mia. Gari likakohoa mno, halina nguvu. Nikaweka ishirini na tano, magurudumu yakachimba shimo mpaka tukaomba jembe kwa watoto wa shule waliosimama kutucheka. Kumi na tano ndiyo imekubali. Linakohoa mara mbili tatu, linashika, linapanda kama mzee anayejua njia. Ezra ameweka swichi kwenye dashibodi: lami, tope, zima.

Tunapima tukiwa na kakao za watu nyuma. Ezra anasema kupanda kilima mtupu ni kuchoma petroli bure.

28 Machi

Mvua mpaka basi.

3 Aprili

Leo siku ya soko nimepanda nyuma na kina mama wa Talatala, nikiwa nimejikunja kwenye pembe. Tulipoanza kupanda, injini ikafanya kazi yake: kho, kho, ikashika.

"Ezra, gari yako ina pumu," mama mmoja akasema.

"Si pumu, mama. Hiyo ni kompyuta inanyima mafuta."

"Inanyima mafuta na nauli unadai yote?"

"Hata mume wangu ana kompyuta hiyo," mwingine akasema, bodi zima likaangua kicheko. Ezra naye akacheka, ila masikio yamemwiva. Alipowashusha kaniuliza kama naweza kuifanya isikohoe. Nikamwambia kukohoa ndiko kunakotupandisha.

Nyumbani nilimsimulia Mama. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akatoka kwa kujishika ukutani, akaenda kulipapasa pikapu kwenye boneti. "Mwenzangu," akaliambia. "Tunanyimwa wote, tunapanda wote."

7 Aprili

Miguu ya Mama imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Doreen anamwosha kwa maji ya vuguvugu jioni, Baba anakaa upande wa pili wa ukuta anasikiliza redio aliyoizima.

Mama kaniambia mimi, sijui kwa nini mimi: "Nikichokea huko mjini, mnirudishe. Msiniache kwenye friji na watu nisiowajua. Nilale hapa, karibu na mkubwa wenu." Mkubwa wetu ni Jubilate, alikufa kabla sijazaliwa, kaburi lake liko kwenye migomba.

Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka, safari hii.

12 Aprili

Shule imefungwa, bwalo limejaa maji. Nimefurahi, kisha nimeona aibu kufurahi.

20 Aprili

Naandika kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake. Nitaandika yote, hata yanayoniuma.

Jana asubuhi Mama hakuweza kulala wala kukaa. Alishika mlango kwa mikono miwili anavuta pumzi fupi fupi kama mtu aliyeopolewa ziwani. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Ezra alikuwa ameshapakia kakao, pikapu imejaa, turubai limefungwa. Baba akatoka, akamtazama Mama, akalitazama gari, akasema neno moja: "Shusha."

Kwetu mgonjwa habebwi na mzigo wa kuuza. Watu watasema mmempeleka sokoni. Hakuna kati yetu aliyefikiri vingine, hata mimi niliyejua namba zote kwa moyo. Baba na Ezra walishusha gunia baada ya gunia, wakayapanga barazani. Baba alipoingia ndani kuchukua kanga za Mama, Doreen akatokea nyuma ya nyumba akafagia bodi lote kama mtu anayengoja mgeni. Gari likabaki tupu na safi. Tuliona tumemheshimu Mama.

Mama alikaa mbele katikati, kulala asingeweza, mimi nikamshikilia kwa mkono mmoja. Baba alisema anakusanya pesa kwanza, atatufuata na bodaboda. Tukaondoka.

Kwenye kilima cha kanisani gari likaanza kukohoa, na halikuacha. Siku zote ni mara mbili tatu kisha linashika. Jana mafuta yalikatwa, yakarudi, yakakatwa, mpaka tukasimama katikati ya kilima. Ezra akageuza swichi, zima. Magurudumu yakalia, tope likaruka mpaka juu ya migomba, mkia wa gari ukatelezea mferejini. Akairudisha haraka.

"Nini, Tuli? Nini?"

"Nyuma kwepesi," nikasema. "Tulipima na magunia. Kila siku tulipima na magunia."

Laptop ilikuwa nyumbani. Kurudi nyuma hatuwezi, mfereji ulikuwa pale pale. Watu wote wako mashambani bondeni, mvua inanyesha, honi haisikiki. Ezra akaweka kipaji cha uso kwenye usukani. Siku zote namwona kaka yangu mtu mzima. Jana niliona mtoto wa Mama amekaa pale.

"Msigombane," Mama akasema, neno na pumzi, neno na pumzi. "Mwenzangu naye... kachoka."

Kisha nikawaona kwenye kioo. Baba anakuja mbio barabarani, kofia mkononi, bodaboda hakuipata. Na pembeni, ndani ya mikakao, kitenge kinakatiza kati ya miti. Doreen naye alisikia injini inavyokohoa bila kushika, akakimbia, ila alipita shambani ili asiwe njia moja na baba mkwe wake. Hata jana, kwa mvua ile. Wakatokea pamoja kwenye gari, mmoja kushoto, mmoja kulia. Doreen akageuka akatazama miti.

Ezra akatoa kichwa dirishani. "Uzito. Nahitaji uzito nyuma kabisa, juu ya ekseli."

Doreen akapanda, akakaa, uso kautazamisha mferejini. Ezra akajaribu. Tukasogea kidogo, tukasimama.

"Bado," akasema. "Baba."

Baba alikuwa ameangalia chini, maji yanamtiririka kwenye nyusi.

"Baba, nakuomba."

"Unajua unaniomba nini?" Baba akasema.

"Najua."

Hapo Mama akanipitishia mkono mbele ya kifua, akautoa dirishani, akapiga mlango kwa kiganja mara mbili. Ndivyo anavyopiga meza chakula kikiwa tayari na mtu anachelewa.

Baba akaiweka kofia kifuani kama anayeingia kanisani, akapanda.

Walikaa wamepeana migongo. Gari likakohoa mara moja. Likakohoa tena. Likashika. Kule juu liliruka kwenye mzizi, nikatazama kioo kwa hofu, nikaona mkono wa Baba umemshika Doreen kifundo cha mkono asianguke. Hakuuachia mpaka tumefika lami.

Mama amewekewa hewa ya mtungi. Amelala ameinuliwa kwa mito. Asubuhi hii Doreen alinunua chai nje ya geti. Alinyoosha kikombe kwangu nimpelekee Baba, kama nyumbani. Baba akaupita mkono wangu, akakipokea mwenyewe.

"Ndaga," akamshukuru. Ndilo neno la kwanza nililosikia akimwambia.

22 Aprili

Mama amekufa asubuhi, wakati wanabadilisha mashuka. Nilikuwa nimeshika mguu wake. Shimo la kidole changu lilibaki pale pale.

23 Aprili

Ezra alimuuliza daktari ingekuwaje kama tungefika mapema. Daktari kasema isingebadilisha kitu, moyo ulikuwa umeshachoka, tulifanya vizuri kumleta. Alisema kwa upole sana. Sijui kama huwa anamwambia kila mtu.

24 Aprili

Tumemrudisha. Jeneza katikati, pande zote wamekaa ndugu na kwaya, na mvua ndogo. Baba alikaa kichwani. Doreen miguuni. Sisi mbele tulikuwa wawili tu, kati yetu pako wazi, na hakuna aliyejitandaza.

Kwenye kilima nilijikuta nangoja kikohozi. Hakikuja. Uzito ulikuwa mwingi, magurudumu yakashika tangu chini mpaka juu, kompyuta haikukata hata tone. Gari lilipanda kimya kabisa. Ezra akaanza kulia hapo, si hospitali, wala si alipokuwa anachagua jeneza.

Mama amelala kwenye migomba, karibu na Jubilate.

25 Aprili

Watu wengi. Nimesalimiwa na kila mtu, mugonile, mugonile, nikaitika kwa kichwa.

30 Aprili

Magunia bado yako barazani. Kakao imeota ukungu mweupe. Mwenye kakao alikuja kuyatazama, akasema pole, akaondoka bila kudai. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuyagusa.

9 Mei

Mvua.

16 Mei

Ezra kaja na laptop chini ya koti. "Tupime tena," akasema. "Mtupu."

Sikutaka. Nikaenda. Tulipanda kilima sisi wawili, bodi tupu, tope lile lile. Nikaongeza namba kidogo kidogo. Kwenye ishirini na mbili likakohoa, likakohoa, likashika, likatufikisha mlangoni pa kanisa.

Ilikuwa ishirini na mbili. Siku yoyote ya mwezi wa tatu tungeipata, kwa petroli ya nusu saa.

Ezra akazima injini. Tukakaa tukilia, kila mtu na dirisha lake. Baadaye akasema, "Ni mimi niliyesema mtupu ni hasara."

"Ni mimi niliyeingiza namba."

"Basi," akasema. "Basi, mdogo wangu. Mama alisema tusigombane."

23 Mei

Jua la kwanza la kukausha kitu. Ezra na Doreen wamemwaga kakao iliyooza shimoni, wamefua magunia. Ezra kakubaliana na mwenye kakao namna ya kumlipa mavuno yajayo.

Darasani leo mwalimu wa fizikia aliuliza msuguano ni nini, kwa Kiingereza. Nikasimama. Nilijibu lote mpaka mwisho, sauti ikakwama sehemu moja, ikarudi. Nikakaa. Nilitaka kwenda kumwambia mtu nyumbani, nikakumbuka ni nani.

2 Juni

Baba alikuja uani asubuhi, hakukohoa. Doreen alikuwa anachambua mchele. Akainua makalio kidogo kama anayetaka kukimbia, akatulia, akaendelea kuchambua. Baba akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, mbali kidogo. Mimi nilikuwa dirishani, nikarudi nyuma wasinione.

Kule mwezi wa tatu niliandika kwamba Baba hampendi mtu. Nimeuacha ukurasa ule. Sitaufuta.

11 Juni

Masika yameisha. Barabara imekuwa vumbi, kilima cha kanisani kigumu kama sakafu. Gari halijakohoa wiki nzima, swichi iko kwenye lami.

Leo Ezra alikuwa anakwenda mjini kuchukua mbolea, mtupu. Nilikuwa nafunga viatu nipande mbele. Baba akatoka amevaa kofia, akaupita mlango wa mbele uliokuwa wazi, akazunguka nyuma, akapanda bodini kwa shida, goti kwanza, akaenda kukaa mwisho kabisa, juu ya ekseli. Kisha akagonga bodi kwa kiganja, mara mbili. Doreen akaacha ndoo, akapanda, akakaa upande wa pili.

Ezra alinitazama. Wote wawili tunajua kwamba kwenye barabara kavu hakuna kinachoteleza, na uzito nyuma hauhitajiki tena. Nadhani na Baba anajua.

Niliufunga mlango wa mbele, kiti kikabaki wazi, nikapanda nyuma nikakaa katikati yao.